Wiki 36 na kocha wa mbali: maoni ya muuguzi wa zamu

"Unalala saa ngapi, na nani anakuamsha?" Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza kwenye fomu ya kujiandikisha kwa kocha wa mbali, yaani anayekufundisha kwa apu na simu. Nililisoma nikiwa nimetoka zamu ya usiku, viatu bado viko miguuni, nikalijibu kwa ukweli: wiki moja kati ya nne nafanya kazi usiku, wiki hiyo nalala mchana usingizi wa kukatikakatika usiozidi saa tano, na anayeniamsha ni mwanangu wa mwisho akirudi kutoka shule. Nikaituma fomu nikiamini nitajibiwa kwamba kwa maisha hayo triathloni ya masafa marefu (kuogelea, baiskeli na kukimbia kwa mfululizo) haiwezekani. Jibu lilikuja kesho yake: "Nitumie ratiba ya zamu zako za miezi mitatu. Tutaanzia hapo."

Naandika maoni haya kwa sababu nilipokuwa natafuta kocha, karibu kila nilichokisoma kilikuwa kimeandikwa na mtu anayelala usiku na mwenye Jumamosi yake mwenyewe. Jina la huduma silitaji. Malalamiko niliyonayo nilishamwambia kocha mwenyewe, na ninachotaka msomaji akielewe ni jinsi huduma ya aina hii inavyofanya kazi kwa mtu wa kawaida mwenye kazi na watoto.

Nina miaka 41. Kuogelea nilijifunza nikiwa na miaka 38, marathoni nilishakimbia mbili, na baiskeli nilikuwa naendea kazini. Mashindano niliyojiandikisha ni yale marefu kabisa: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, halafu kukimbia kilomita 42.2, vyote siku moja, na muda wa mwisho wa kumaliza ni saa 17. Ratiba za bure zipo tele, na moja niliifuata kwa wiki sita. Ilikuwa imeandikwa vizuri, ila kila zoezi nililolikosa lilibaki kwenye skrini likiwa jekundu, nami nikawa nayalipa kama madeni. Nikitoka zamu nakimbia, siku ya mapumziko nafanya mawili. Wiki ya sita kigimbi cha mguu wa kushoto kikakaza hata nikawa nashuka ngazi kinyumenyume. Ndipo nilipoamua kulipia.

Huduma yenyewe iko hivi. Unapewa kocha mmoja. Kila Jumapili jioni anaweka ratiba ya wiki kwenye apu. Ukimaliza zoezi, saa ya mkononi inatuma takwimu zote, na chini yake kuna kisanduku cha kuandika maneno yako. Mnaongea kwa simu nusu saa kila baada ya wiki mbili, na mara moja kwa mwezi unamtumia video ya kuogelea aichambue. Ada ni ya mwezi kwa mwezi.

Kile kisanduku cha maneno ndicho nilichokuwa nalipia, ingawa nilichelewa kulijua hilo. Wiki ya nne niliandika chini ya zoezi la kukimbia: "Nimemaliza. Jana wodini nilipanda ngazi nikajikuta nimeshika ukuta." Mapigo ya moyo yalikuwa sawa na kasi ilikuwa sawa, na mashine yoyote ingeniwekea alama ya kijani. Kabla ya saa moja kupita simu ikalia.

"Dada, zoezi la kesho nimelifuta. Usilifidie."

"Kocha, nitabaki nyuma."

"Nyuma ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nililala saa tisa mfululizo. Baadaye nilikaa nikahesabu: katika wiki 36 alinipangia mazoezi 298, na 31 aliyafuta yeye mwenyewe baada ya kusoma nilichoandika. Hakuna hata moja alilolirudisha baadaye. Mtu anayejifundisha peke yake anajua ilivyo vigumu kujiambia leo sifanyi. Ukijipumzisha mwenyewe unalala na hatia. Ukipumzishwa na mtu aliyeona takwimu zako zote, unalala tu.

Halafu kuna suala la zamu. Makocha wengi hupanga wiki tatu za kuongeza mzigo, ya nne ya kupunguza ili mwili ujijenge. Huyu aliisogeza ile wiki nyepesi ikakaa juu ya wiki yangu ya usiku, mwezi hadi mwezi. Wiki hiyo nilikuwa na dakika 40 za bwawani kabla ya kuingia kazini, mbio fupi mbili, na vipindi viwili vya baiskeli iliyofungwa kwenye mashine ndani ya nyumba. Akaweka na sharti ambalo hakulilegeza hata siku moja: ukitoka zamu ya usiku hupandi baiskeli barabarani. Nilishaona wodini kinachowapata watu wanaosinzia barabarani, kwa hiyo sikubishana. Lakini nilishangaa kwamba kabla yake sikuwahi kujiwekea sharti hilo mwenyewe.

Miezi miwili ya mwanzo inahitaji uvumilivu, na hapa ndipo nadhani wengi wanajitoa. Mapigo ya moyo yasizidi 138 kwenye mbio zote ndefu, alisema. Kwangu hiyo ilikuwa kasi ya dakika 8 na sekunde 10 kwa kilomita, na kwenye kila kilima nilikuwa natembea. Wazee wananipita. Maelezo yake yalikuwa mafupi: ukienda taratibu, mwili unazoea kuchoma mafuta zaidi na kuibania sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini, ambayo jumla yake haizidi sana nusu kilo. Safari ya saa 14 haiwezi kuendeshwa na nusu kilo hiyo. Mwezi wa sita wa mazoezi nilikimbia njia ileile, mapigo yaleyale 138, kwa dakika 7 na sekunde 15. Hilo nililiona kwenye saa yangu mwenyewe, nikasimama kando ya njia nikalitazama mara mbili.

Kwa baiskeli alitumia wati, kipimo cha nguvu unayoikanyagia pedali. Kuna jaribio la dakika 20: unakanyaga pedali kwa nguvu kubwa kadiri unavyoweza kuidumisha muda huo, unachukua wastani, unazidisha kwa 0.95. Wastani wangu ulikuwa wati 168, kwa hiyo kipimo kikawa 160, na kwa kilomita 180 akanipangia asilimia 70 ya hapo, yaani 112. Inaonekana ndogo mno. Mazoezini saa mbili za kwanza unajihisi unazembea, na saa ya tano unaelewa.

Sasa nije kwenye kula na kunywa, sehemu ambayo ningeilipia hata peke yake. Kama muuguzi nilidhani haya nayajua. Nimepokea wagonjwa ambao sodiamu (chumvi) ya damu imeshuka chini ya kiwango cha kawaida, 135, najua jinsi mtu anavyoanza kwa maumivu ya kichwa, akaja kuchanganyikiwa. Lakini jasho langu mwenyewe sikuwahi kulipima. Kocha akaniagiza nipande mzani bila nguo, nimekauka: kilo 61.4. Nikaendesha saa mbili ndani, nikanywa lita moja kamili. Nikajifuta vizuri kwa taulo, nikarudi mzanini: 60.3. Kilo 1.1 iliyopungua, jumlisha lita niliyokunywa, ni lita 2.1 kwa saa mbili. Nilikuwa natoa zaidi ya lita moja kila saa, na miaka yote hiyo nilikuwa nakunywa kwa kukisia.

Nilitegemea aniambie nirudishe yote. Akasema hapana: mililita 700 hadi 750 kwa saa, yenye chumvi. "Ukimaliza umepungua kilo moja au moja na nusu, sina wasiwasi. Ukimaliza umeongezeka uzito, hapo ndipo nitaogopa." Ni kweli tupu, na ningependa kila anayesimama kwenye meza ya maji siku ya mashindano alijue. Maji matupu mengi kupita kiasi kwa saa nyingi huishusha ile sodiamu ya damu, na yanaweza kumlaza mtu vibaya kuliko kiu.

Wanga tulianza na gramu 40 kwa saa, tukawa tunaongeza 10 kila baada ya wiki kadhaa. Utumbo hupitisha glukosi takriban gramu 60 kwa saa basi. Fruktosi ina njia yake nyingine ya kuingilia, ndiyo maana jeli (vipakiti vya sukari nzito ya kufyonza) na vinywaji vya michezo huchanganya zote mbili, na kwa mchanganyiko huo waliozoea hufika hata 90. Neno kubwa hapo ni "waliozoea". Tumbo nalo hufundishwa. Wiki ya 19, kilomita ya 96 ya safari ndefu, nilisimama ghafla, nikaegemea usukani na kutapika yote, utamu uliogeuka uchachu ukitokea hadi puani. Nilirudi nyumbani taratibu nikiwa nimevunjika moyo kabisa, nikaandika kisandukuni: "Nimetapika km 96. Sidhani naweza."

Alichouliza kilikuwa kimoja tu: "Ile jeli uliisukuma na nini?"

"Na kinywaji cha wanga."

"Basi tumeipata. Jeli kwa maji matupu. Kinywaji cha wanga kinywewe peke yake. Ukivirundika pamoja sukari inakuwa nzito, inavuta maji kuingia tumboni, nalo linakataa."

Wiki iliyofuata nilirudia njia ileile na sikutapika. Mwanangu mkubwa akakata kipande cha plasta nyeupe, akaandika kwa kalamu ya wino: 15 kunywa, 30 jeli na maji, 45 kunywa, 60 kunywa. Akakibandika kwenye usukani. Kikabaki hapo hadi siku ya mashindano, herufi zikififia anaziandika upya, na mwishowe nilikuwa na gramu 75 kwa saa bila tumbo kulalamika.

Mashindano ya namna hii yalianza mwaka 1978 katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Walianza watu 15 na kumaliza 12. Wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Wakati huo kila mshiriki alikuja na watu wake wa kumhudumia njiani, na inasimuliwa kwamba wa John Dunbar, aliyeanza kukimbia akiwa mbele, waliishiwa maji wakampa bia. Alimaliza wa pili. Nilimfikiria sana Dunbar mwezi ule wa kutapika. Alikuwa mwanajeshi wa wanamaji, mwenye nguvu kunizidi mara nyingi, na kilichokosekana kwenye gari la wasaidizi wake kilikuwa maji.

Nije kwenye kuogelea, na hapa sitapunguza maneno. Uchambuzi wa video uliahidiwa ndani ya siku tatu. Wa kwanza ulichukua siku tisa. Ulipokuja ulisema kiwiko changu kinashuka chini ya maji, jambo ambalo lilikuwa kweli, na nikaagizwa nivae vibao vya mikononi kwa mita 600 katika kila zoezi ili nijenge nguvu ya kuvuta. Nilitii. Wiki ya tisa nilinyoosha mkono wa kulia kutundika dripu ya mgonjwa, bega likanichoma hadi nikabadilisha mkono. Kwa muuguzi bega ni kazi. Nikamgeuza mgonjwa kwa msaada wa mwenzangu, na usiku ule nilikaa na barafu begani nikiwa na hasira ya kweli.

Mwalimu wa bwawani, ambaye hata hakuwa ananifundisha, alinitazama raundi mbili akiwa amechuchumaa mwisho wa mstari wangu. "Mama, mkono wako wa kulia unaingilia mbele ya pua, unavuka mpaka upande wa kushoto. Ukivaa na vibao, bega ndilo linalobeba." Kutoka ubavuni, ambako mwanangu alikuwa amesimama na simu, kosa hilo halionekani. Linaonekana kutoka mbele. Kocha wangu wa mbali hakuwahi kuomba video ya mbele.

Nilimpigia, nikamweleza bila kumung'unya. Hakujitetea. Alisema, "Nilipaswa kukuona kutoka mbele kabla sijakupa vibao. Kosa ni langu." Akaondoa kuogelea kwa wiki tatu, akaniachia kupiga miguu tu nikiwa nimeshika ubao, na tangu siku hiyo anataka video mbili, ya ubavuni na ya mbele. Namheshimu kwa hilo. Lakini wiki tatu zilikwenda, na kuanzia hapo nilimlipa mwalimu wa bwawani mara mbili kwa mwezi, gharama ambayo tangazo la huduma halikuitaja. Kwa maoni yangu, aliyejifunza kuogelea ukubwani hawezi kurekebishwa mkono kwa simu. Anahitaji mtu aliyesimama ukingoni anayeweza kusema "simama, rudia" palepale.

Upande wa maji ya wazi alinisaidia sana. Aliniagiza niwaombe marafiki watatu tuogelee ziwani tukibanana makusudi, wanishike miguu, wanipite kwa juu, niwe nainua macho kutafuta boya kila baada ya mikono sita au minane bila kuacha kuvuta. Suti ya mpira ilinibana kifua mara ya kwanza hadi nikataka kuivua. Akaniambia nifungue shingo ya suti kidogo kwa vidole, niruhusu maji yaingie, nisubiri yapate joto. Ilifanya kazi, na mpaka leo ndivyo ninavyoanza.

Apu yenyewe ni ya wastani. Bila intaneti haifunguki, na kocha akibadilisha zoezi haitoi taarifa, kwa hiyo mara mbili nilifanya zoezi lililokuwa limeshafutwa.

Siku ya mashindano ilikuwa fupi kuliko nilivyoogopa. Kuogelea saa 1 na dakika 31. Nilipigwa kiwiko usoni dakika za mwanzo, nikakumbuka ziwani, nikaendelea kuvuta. Baiskeli saa 7 na dakika 12. Wengi walinipita kilomita 60 za kwanza nikiwa kwenye wati zangu 112, macho kwenye plasta. Kuanzia kilomita ya 140 nilianza kuwaona wakiwa wamekaa kando ya njia, nami bado nakunywa kwa dakika zangu. Kukimbia saa 5 na dakika 31. Ujumbe wa kocha usiku wa kuamkia siku hiyo ulisema, "Ukifika kilomita ya 10 ya kukimbia ukajiona una nguvu, punguza," na nilifika, nikajiona nina nguvu, nikapunguza. Ukijumlisha na muda wa kubadilisha nguo, ni saa 14 na dakika 30. Nilipofika nilikolala nilipanda mzani. Nilikuwa nimepungua kilo 1.4.

Nyota nne kati ya tano. Moja naiondoa kwa ajili ya bega na siku tisa za kungojea video. Kama una ratiba isiyobadilika, unalala usiku, na unajua kujizuia, ratiba ya bure inatosha, usitupe fedha. Kama hupendi kuandika, pia usilipie, kwa sababu kocha wa mbali anakuona kupitia maneno yako, na anayeandika "poa" kila siku atapangiwa kama mtu aliye poa. Kwa anayelipia, uliza kabla: kocha ana wanafunzi wangapi, nani anayejibu ukiandika usiku, na video za kuogelea anazitaka kutoka pande zipi. Kama bado unajifunza kuogelea, tenga fedha ya mwalimu wa bwawani tangu mwezi wa kwanza.

Baada ya mashindano ratiba yangu ilikuwa wiki mbili bila saa mkononi. Ziliisha juzi. Safari hii naomba nusu ya masafa, kilomita 1.9, 90 na 21.1, na tumekubaliana kuogelea kubaki kwa mwalimu wa bwawani, ada ya kocha ikipungua kwa kiasi hicho. Jana jioni, kabla sijaingia kazini, nilimtumia zamu zangu za miezi mitatu ijayo.